Simu Iliyozeekea Kabatini

Nyumba ya kinyozi ilikuwa nyumba ya Kobe. Asubuhi, ukiingia sebuleni, uliziona simu zimepangwa chini ya ukuta zikichajiwa. Ya baba, ya mama na ya bibi. Zote zilikuwa za kampuni ya Kobe, na picha ya kobe mdogo mgongoni. Chaja zilikuwa za Kobe. Kofia ya baba ilikuwa ya Kobe. Hata saa ya ukutani ilitoka duka la Kobe. Saa hiyo ilichelewa kila siku, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuisema vibaya.

Mtu akiuliza sababu, kinyozi alikuwa na jibu tayari.

"Simu yangu ya kwanza ya Kobe ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni," alisema. "Nikaitoa, nikaifuta, ikaita hapo hapo. Niambie simu nyingine ya kufanya hivyo."

Kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake aliisikia habari ya ndoo. Miaka ilivyokwenda, ndoo nayo iliongezeka ukubwa. Siku hizi lilikuwa pipa. Mtu mwenye mashine kisogoni habishani sana, kwa hiyo kinyozi alishinda mabishano mengi.

Ukuta wa mbao tu ulikitenganisha chumba chake cha kunyolea na kibanda cha fundi simu. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Watu walimwita Bisibisi, kwa sababu kila siku alichomeka bisibisi ndogo kwenye nywele zake. Yeye alisikia habari ya pipa kupitia ukutani kila siku.

"Jirani, wewe ni mtu wa kampuni gani?" kinyozi alimuuliza kwa kumchokoza.

"Mimi nimeolewa na mume," Bisibisi alijibu kutoka upande wa pili. "Sijaolewa na simu."

Wateja wa pande zote mbili walicheka.

Mke wa kinyozi alikuwa mkunga. Mtaani kila mtu alimwita Mkunga, nasi tutamwita hivyo. Alifanya kazi katika wodi ya wazazi, na aliifanya vizuri. Lakini kwa muda mrefu alitamani kazi nyingine. Alitaka kuwatembelea kina mama nyumbani kwao baada ya kujifungua.

"Wodini namkabidhi mama mtoto wake, naye anaondoka," alimwambia mumewe. "Kitovu kimepona? Mtoto ananyonya? Sijui. Nabaki na maswali."

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Mkunga angeanza Jumatatu. Upande wake ungekuwa ule wa nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako barabara ni mbaya na nyumba zimetawanyika. Mtoto wa kwanza kwenye mzunguko wake alimfahamu vizuri. Alikuwa amemzalisha mwenyewe. Mtoto alizaliwa mdogo mno, akatosha kufunikwa kwa taulo la uso. Mama yake alipotoka wodini alikuwa na hofu, na Mkunga alimshika mkono.

"Jumatatu nitakuja kumpima mimi mwenyewe," alimwambia.

Kulikuwa na sharti moja. Wakunga wa mzunguko walitumia programu ya hospitali kwenye simu zao. Programu hiyo ilimwonyesha mkunga nyumba za kwenda. Ilipokea uzito wa mtoto na picha yake. Daktari aliviona hapo hapo, naye akajibu.

"Hakikisha programu inafunguka kwenye simu yako," msimamizi wa wakunga alimwambia. "Isipofunguka, upande ule utasubiri mpaka tupate mtu mwingine. Na sina mtu mwingine sasa hivi."

Simu ya Mkunga ilikuwa kuukuu. Kioo kilikuwa na nyufa, na ukibonyeza kitu ulikuwa na muda wa kukoroga chai kabla hakijafunguka. Lakini hakuwa na wasiwasi. Nyumbani kulikuwa na kabati la bibi.

Hapa ni lazima nilieleze kabati hilo.

Bibi alikuwa mama yake kinyozi. Aliishi nao, na ufunguo wa kabati ulining'inia kiunoni mwake. Ndani ya kabati mlikuwa na vitu vipya tu. Mashuka yaliyokuwa bado na karatasi za dukani. Mataulo meupe. Chupa ya chai isiyojua chai. Vikombe vyenye maua ya bluu. Familia ilikunywa chai kwenye vikombe vilivyokatika mikono, ikiviangalia vile vizima kupitia kioo cha kabati.

"Hivyo ni vya mgeni," bibi alisema.

"Mgeni gani, mama?" Mkunga aliwahi kuuliza.

"Akija utamjua."

Walikuja mashemeji, wakaja majirani, akaja mpaka mkubwa wa kazi wa Mkunga. Wote walipewa vikombe vya kawaida. Kinyozi alisema mgeni wa vikombe vile alikuwa bado hajazaliwa.

Humo ndani, chini ya taulo, mlikuwa na boksi la simu. Miaka minne nyuma, duka la Kobe lilikuwa linamaliza mzigo. Kinyozi akachukua simu mbili za aina moja. Moja aliitumia mpaka ikafa. Pacha wake akaingia kabatini bila kufunguliwa.

"Hiyo ni akiba," alisema. "Siku tukiihitaji, tunatoa simu mpya kabisa."

Siku hiyo ilifika. Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Bibi alifungua kabati kwa taratibu zake. Kinyozi alinawa mikono kwanza. Alichana plastiki polepole, akafungua boksi, akalipeleka puani kwa mkewe.

"Sikia harufu hiyo. Hiyo ndiyo harufu ya kitu kipya."

Mkunga alitabasamu. Alimpenda mumewe zaidi alipokuwa na furaha ya namna hii.

Kinyozi akabonyeza kitufe. Simu haikuwaka.

"Ina usingizi," alisema, akaichomeka kwenye chaja.

Ilichukua muda, lakini iliwaka. Kobe mdogo akatokea kwenye kioo, na kinyozi akajipiga kifua. Wakaweka laini ya Mkunga. Wakaitafuta programu ya hospitali. Badala yake wakapata maneno haya: "Programu hii haiwezi kutumika kwenye simu hii. Mfumo wa simu ni wa zamani na haupokei tena masasisho ya usalama."

Kinyozi alisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akasoma kwa sauti.

"Ya zamani?" alisema. "Simu imetoka kwenye boksi sasa hivi. Hawa wa hospitali wamekosea."

Aliizima, akaiwasha. Aliisogeza dirishani kutafuta mtandao, waya wa chaja ukivutika. Alisimama juu ya kiti. Alipochomoa chaja ili atoke nayo nje, simu ilizimika mkononi mwake.

"Labda imekasirika kufungiwa," bibi alisema.

Hakuna aliyecheka. Mkunga alihesabu siku: ilibaki Jumapili tu. Aliogopa. Aliuona uso wa yule mama, na yule mtoto ndani ya taulo. Alijua kwamba Jumatatu mama yule angekaa mlangoni akiangalia barabara.

"Usijali, mke wangu," kinyozi alisema. Alikuwa anavaa kofia yake. "Naenda duka la Kobe. Nakununulia mpya zaidi. Mambo yamekwisha."

Alitoka mbio mbio. Mkunga alibaki akiiangalia ile simu. Kama hii mpya imekataa, alijiuliza, ile nyingine haitakataa kwa nini? Akairudisha ndani ya boksi, akaenda moja kwa moja kwa Bisibisi.

Kibanda cha fundi kilikuwa na meza moja na taa yenye shingo ndefu. Skrubu zilipangwa kwenye trei za mayai, kila kishimo na aina yake. Bisibisi alikuwa anapuliza vumbi ndani ya simu ya mtu.

"Dada, niambie ukweli," Mkunga alisema. "Simu hii ina ugonjwa gani? Haijatumiwa hata siku moja."

Bisibisi aliligeuza boksi, akasoma maandishi madogo ya upande.

"Mliitoa wapi?"

"Kabatini. Ilikuwa humo miaka minne."

Bisibisi alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha. Akavuta kiti.

"Kaa hapa, nikuonyeshe."

Aliichomeka simu, akafungua mipangilio, akashuka mpaka mahali palipoandikwa "Kuhusu simu". Hapo palikuwa na jina kamili la aina ile. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akafungua tovuti ya kampuni ya Kobe.

"Kampuni nyingi zina ukurasa kama huu," alisema. "Wameandika kila aina ya simu, na mwisho wa huduma yake. Hebu tafuta yako."

Mkunga alitafuta kwa kidole. Akaipata. Pembeni yake paliandikwa: huduma imekwisha.

"Imekwishaje na hatujaanza?"

"Kampuni nyingi hazihesabu kuanzia siku uliyofungua boksi," Bisibisi alieleza. "Wala siku uliyonunua. Wanahesabu kuanzia siku aina hiyo ilipoingia sokoni. Hii iliingia sokoni miaka miwili kabla mumeo hajaichukua. Waliahidi kuihudumia miaka mitatu. Nyinyi mlikuta umebaki mwaka mmoja, nao ukaishia kabatini. Unafikiri kwa nini walikuwa wanazitoa mbili mbili?"

"Na hiyo huduma ni kitu gani hasa?"

"Simu ina mfumo unaoiendesha. Wezi wa mtandaoni wanatafuta matundu kwenye mfumo huo kila siku. Kampuni ikiona tundu, inatengeneza kiraka na kukutumia. Ndiyo masasisho ya usalama. Huduma ikiisha, viraka haviji tena. Tundu likitokea, linabaki wazi. Sasa kwenye programu yenu kuna siri za kina mama. Hospitali inakataa simu yenye matundu, na mimi siwalaumu."

Mkunga alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Dawa," alisema.

"Dawa gani?"

"Kila asubuhi wodini naangalia tarehe za dawa. Nakuta chupa haijaguswa, ina muhuri wake, inang'aa. Tarehe imepita. Naitoa rafuni, siulizi mara mbili. Sijawahi kusema ni mpya kwa sababu haijafunguliwa. Nyumbani nikaacha simu iishe muda chini ya taulo, nikaiita akiba."

Bisibisi alipiga meza kwa furaha, skrubu zikaruka.

"Miaka yote natafuta namna ya kuwaeleza wateja. Hilo la dawa nalichukua."

"Na betri? Mbona inazimika?"

"Betri nayo inazeeka, hata ikiwa imelala. Hii imelala tupu miaka mingi, imechoka. Ningekubadilishia, lakini aina hii wameigundisha kila mahali. Kuifungua ni kuipasha moto na kuombea kioo kisipasuke. Na hata nikiweka betri mpya, programu itakataa tu." Alisimama, akafunga droo. "Mumeo yuko wapi?"

"Duka la Kobe. Anaenda kununua nyingine."

"Basi tutembee haraka."

Walimkuta kinyozi mbele ya meza ya kioo. Muuzaji, mwenye shati lenye kobe mfukoni, alikuwa anambembeleza kwa sifa.

"Mteja wetu wa siku nyingi," alikuwa anasema. "Kwako wewe kuna hata mwavuli wa bure."

Mbele ya kinyozi kulikuwa na simu ya rangi ya dhahabu, nyembamba, inang'aa. Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni.

"Subiri, baba," Mkunga alisema.

Kinyozi aligeuka. Alipomwona Bisibisi, uso wake ulibadilika.

"Na wewe umefuata nini kwenye duka la Kobe?"

"Mwavuli," Bisibisi alijibu.

Mkunga alimgeukia muuzaji. Alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza na mama mwenye uchungu.

"Kaka, nina maswali matatu. Simu hii iliingia sokoni lini? Itapokea masasisho ya usalama mpaka lini? Na betri au kioo vikiharibika, vinabadilishika, na spea zipo?"

Muuzaji alikuwa mtu mwaminifu. Hakubabaika. Aliangalia kwenye kompyuta yake.

"Iliingia sokoni mwaka jana," alisema. "Hii ni ya bei nafuu, kwa hiyo huduma yake ni miaka miwili. Imebaki kama miezi minane. Betri imegundishwa. Ikifa, tunaituma makao makuu, na wengi huona bora wanunue nyingine."

"Hakuna Kobe inayodumu?" kinyozi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ipo." Muuzaji alionyesha rafu ya juu. "Ile inahudumiwa miaka saba, na betri yake inabadilishika. Ila bei yake ni nyingine kabisa."

Kinyozi aliiangalia bei, akaangalia pembeni.

"Kumbe ni baba mmoja, watoto hawafanani," Mkunga alisema.

"Ndiyo hivyo," Bisibisi alisema. "Watu wanauliza kampuni. Waulize aina. Mimi sina ugomvi na Kobe. Kobe ile ya juu ningeinunua hata leo, kama mume wangu angeshinda bahati nasibu."

Waliondoka bila simu na bila mwavuli. Walipofika kibandani, Bisibisi alitoa simu moja kutoka kwenye droo. Ilikuwa imetumika. Mgongoni ilikuwa na picha ya ndege mwenye miguu mirefu.

"Korongo," kinyozi alisema, kana kwamba ametajiwa ugonjwa.

"Korongo," Bisibisi alikubali. "Ya mwalimu mmoja aliyetaka yenye kamera kubwa. Risiti yake ninayo, na akaunti yake ameifuta mbele yangu. Simu iliyotumika usiichukue bila hivyo viwili, isije ikawa ya wizi."

"Kumbe ndiyo maana umetuzungusha," kinyozi alisema. "Ulikuwa na yako ya kuuza."

Maneno hayo yalimuuma Bisibisi, lakini hakupandisha sauti.

"Usinunue kwangu basi. Nenda duka lolote unalotaka. Uliza yale maswali matatu. Tovuti si yangu, na macho ni yenu."

Mkunga alikuwa ameshaanza kutafuta. Aliandika jina kamili la aina ile kwenye tovuti ya kampuni ya Korongo. Alisoma mwenyewe, taratibu, kama anavyosoma tarehe za dawa.

"Imebakiwa na miaka mitano," alisema.

Bisibisi alichomoa bisibisi kwenye nywele. Alilegeza skrubu mbili chini ya simu, akanyanyua mfuniko wa nyuma. Betri ilionekana, imekaa kwenye nafasi yake na utepe wa kuivutia.

"Unavuta hapa, inatoka. Nyingine unaweka. Spea zinapatikana, mimi mwenyewe ninazo." Alimgeukia kinyozi. "Jirani, mashine yako kubwa ya kunyolea ina umri gani?"

"Ile? Nilianza nayo kazi."

"Haijawahi kuharibika?"

"Imeharibika mara nyingi. Nimebadilisha meno. Nimebadilisha waya. Mwaka jana nimebadilisha swichi. Natoa skrubu, naweka kipya, naendelea."

"Nikikuletea mashine iliyogundishwa, meno yakiisha utupe mashine nzima, utanunua?"

Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia yake, akaiangalia.

"Watu wote wa mtaa huu wananijua kwa Kobe," alisema. "Kesho mke wangu anapita na Korongo. Nitawaambia nini?"

"Waambie Kobe imezama kwenye pipa," Mkunga alisema. Kisha akamshika bega. "Baba, mimi nakipenda kitu unachokipenda. Lakini kobe wa mgongoni hatanipeleka nyuma ya kiwanda cha matofali. Kuna mtoto ananisubiri. Kazi ni yangu, na simu nachagua mimi."

Kinyozi alimtazama mkewe. Alimjua miaka mingi, na aliijua sauti hiyo. Ndiyo sauti iliyowaamuru watoto wazaliwe, nao wakazaliwa.

"Tusilipe kwanza," alisema mwishowe. "Weka laini, tuone kama programu inafunguka."

"Umeanza kusema kama fundi," Bisibisi alimwambia.

Waliweka laini. Programu ikashuka. Neno "Karibu" likatokea kwenye kioo, na chini yake jina la Mkunga. Mkunga aliingia ndani, akaiona orodha yake. Jina la yule mama lilikuwa la kwanza. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha.

Kinyozi aligeukia ukuta wa mbao, akakohoa.

"Jirani," alisema, "lile neno la kuzungushwa. Nimelimeza."

"Lilikuwa na chumvi?"

"Kidogo."

Jumatatu Mkunga alipita kiwanda cha matofali asubuhi. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Yule mama alikuwa amekaa mlangoni, kama alivyofikiri.

"Umekuja," mama yule alisema.

"Nilisema nitakuja."

Alimpima mtoto. Uzito ulikuwa umepanda kidogo. Lakini alipofungua nguo, hakupenda alichokiona. Kitovu kilikuwa na unyevu, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa nyekundu. Alipiga picha, akaituma pamoja na joto la mwili wa mtoto. Alikuwa bado anamfunika mtoto nguo wakati simu ilipolia.

Daktari aliandika: "Mlete sasa hivi. Natuma gari."

Kitovu kilikuwa kimeingiwa na vijidudu. Daktari alisema baadaye kwamba mtoto mdogo kiasi kile asingevumilia muda mrefu bila dawa. Lakini dawa aliipata siku ile ile. Alilala wodini mpaka akapona, akatoka akinyonya kwa nguvu na kulia kwa nguvu zaidi.

Habari hiyo kinyozi aliisimulia kwa kila mteja. Pipa alilipumzisha. Sasa mtu akikaa kwenye kiti na kuanza kusifia simu yake, kinyozi alimuuliza, "Aina gani? Huduma yake inaisha lini? Betri inatoka?" Mteja akikosa jibu, kinyozi aligonga ukuta wa mbao, na Bisibisi akajibu kutoka upande wa pili.

Ile simu ya kabatini nayo ilipata kazi. Kinyozi aliifunga ukutani kwenye chumba cha kunyolea, imechomekwa kwenye umeme. Ilionyesha picha za mitindo ya nywele na kupiga muziki. Haikuwekwa laini, wala nywila, wala siri ya mtu. Betri ya pacha wake aliyekufa zamani, iliyokuwa imeanza kuvimba, Bisibisi aliichukua.

"Betri haitupwi jalalani, wala haichomwi moto, inaweza kulipuka," alisema. "Fundi anajua pa kuipeleka."

Nyumbani, bibi alikuwa ameyasikia yote. Siku moja walimkuta amefungua kabati, peke yake, anakunjua mashuka. Kwenye mikunjo yalikuwa yamepata rangi ya njano. Alijaribu mfuniko wa chupa ya chai. Mpira wake ulikuwa umekauka, ukakatika mkononi mwake. Bibi alikaa nayo mapajani muda mrefu.

"Hata haijaonja chai," alisema.

Mwezi ulipokwisha, yule mama alikuja kuwashukuru, na mtoto mgongoni. Kinyozi alimkaribisha. Mkunga alikwenda jikoni kuchukua vikombe vilivyokatika mikono. Aliporudi, alikuta bibi amesimama mbele ya kabati na ufunguo mkononi.

"Virudishe hivyo," bibi alimwambia. "Si mlisema mgeni wa vikombe vyangu hajazaliwa?"

Alitoa vikombe vya maua ya bluu, kimoja kimoja, akavipanga mezani. Kisha akatoa taulo jeupe, lile laini kuliko yote, akamfunika mtoto.

Chai ikamiminwa. Kinyozi, kwa haraka ya kumkaribia mtoto, alipiga kikombe kwa kiwiko. Kikaanguka, kikavunjika. Watu wote wakamtazama bibi.

"Vipo vingine," bibi alisema, akasogeza kiti chake karibu na mtoto. "Mmiminie mama yake chai."